Je, wajua kwa nini kebo iliyochubuliwa na jembe leo hufa miezi kadhaa baadaye?

Jembe limegonga kebo inayopeleka umeme gereji. Ganda limechanika, shaba inachungulia, lakini taa bado zinawaka na breka haijakata. Aliyechimba anazungusha tepu na kufukia. Miezi inapita bila shida, kisha mvua kubwa inanyesha na gereji yote inazimika.

Wengi huamini kwamba kebo ingekuwa na hatari, breka ingekata. Tuipige hesabu imani hiyo. Breka ya kawaida ya ampea 32, aina B, kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, yaani ampea 96 hadi 160. Mkondo wa ampea 46 hivi inaweza kuuvumilia kwa karibu saa nzima. Sasa tuseme jeraha limegusa udongo wenye unyevu, na ukinzani wa njia yote hadi kwenye chanzo ni omu 1,000. Kwa volti 230 zitavuja ampea 0.23 tu. Hata ukinzani ukishuka hadi omu 100, uvujaji ni ampea 2.3. Hizo ni wati 529, karibu uniti 12.7 kwa siku zinazoishia kupasha udongo joto, na breka hiyo haitashtuka kamwe. Mita, kwa upande wake, inazihesabu zote. (Ukinzani halisi hutegemea udongo: mfinyanzi uliolowa hupitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu, ndiyo maana hitilafu hizi hujitokeza mvua inaponyesha na kujificha jua likiwaka.)

Kinachoweza kuuona uvujaji huo ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia. Hulinganisha mkondo unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Ampea 0.23 ni miliampea 230, kwa hiyo ingekata mara moja. Lakini kama kilichochubuka ni nyutro, dalili huchanganya: breka hukaa vizuri siku nzima, kisha hukata mashine ya kuchomelea inapowashwa, kwa sababu sehemu ya mkondo mkubwa unaorudi hupenya kwenye udongo. Fundi asiyelijua hilo ataifungua mashine na kuitafutia ubovu usiokuwepo.

Kwa nini basi kebo isife siku ileile? Kinachoiua ni maji, na maji husafiri polepole. Waya wenye nyuzi nyingi zilizosokotwa una nafasi nyembamba katikati ya nyuzi, na nafasi hizo hufanya kazi kama utambi wa taa ya mafuta: chovya ncha moja, unyevu utapanda wenyewe. Tena kebo hupumua. Ikibeba mzigo hupata joto, na hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoka kwenye jeraha. Mzigo ukizimwa, inapoa na kuvuta ndani chochote kilicho mlangoni. Ni kama kubonyeza chupa ya plastiki chini ya maji na kuiachia: kila unapoiachia, inagugumia kidogo. Kwa hiyo shaba inaweza kuwa nyeusi mbali na pale jembe lilipogonga, hasa upande wa mteremko. Waya wa uzi mmoja mzima hauna utambi huu, ingawa maji bado hupita kati ya waya na ganda lake.

Alumini huharibika kwa namna ya kushangaza zaidi. Ikilowa huku umeme ukivuja, hugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, na unga huo hulipasua ganda kutoka ndani. Tepu haisaidii. Gundi yake hulainika kwenye unyevu wa kudumu, na mizunguko yake huacha mfereji mwembamba wa maji.

Kwenye kebo ya ameadi, yenye nyuzi za chuma, jembe likipenya hadi waya wa moto hugusa kwanza chuma kilichounganishwa na ethi (waya wa ardhini wa usalama), na breka hukata kwa kishindo. Hatari yake ni mkwaruzo wa ganda la nje tu: chuma kinaliwa na kutu taratibu, na kama ndicho ethi pekee ya gereji, ethi inapotea huku taa zikiendelea kuwaka.

Matengenezo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na kebo iliyo kabla ya mita ni ya shirika la umeme. Umeme huzimwa na swichi kufungwa kwa kufuli. Kipimaji hujaribiwa kwenye umeme unaojulikana upo, kabla na baada ya kupima kebo. Ncha zote mbili hufunguliwa, kisha mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme) ya volti 500 hupima moto kwa nyutro, moto kwa ethi, na nyutro kwa ethi, kipimo ambacho husahaulika mara nyingi. Chini ya megaomu 1 kebo imefeli. Kebo isiyo na jeraha, ya urefu wa kufika gereji, husoma mamia ya megaomu. Usomaji mzuri siku ya ukame usikuridhishe kama ganda limechanika.

Kisha kata hadi ufikie shaba inayong'aa pande zote mbili. Mara nyingi urefu hautoshi tena, na hapo huhitajika jointi mbili na kipande kipya kati yake. Viungio vya kubana viwe vya saizi ileile ya waya, visipangwe mstari mmoja, na nyuzi za ameadi ziunganishwe kuvuka jointi. Pima kwa mega kabla ya kumimina rezini (kimiminika kinachoganda na kuziba jointi), kwa sababu baada ya hapo kosa halifunguliki. Changanya pakiti yote ya rezini, maana kipimo cha macho huacha sehemu isiyoganda. Ikiwa ngumu, pima tena, zungushia mchanga usio na mawe, weka utepe wa tahadhari juu yake, na uandike umbali wa jointi kutoka pembe mbili za nyumba.