Je, wajua kwamba wanawake wengi hukwama kazini mbali kabisa na kiti cha mkurugenzi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba wanawake wakurugenzi ni wachache kwa sababu ya kizuizi kilichoko juu, mlangoni mwa bosi mkubwa. Msemo wenyewe unapotosha. "Dari la kioo", yaani kizuizi kisichoonekana, alilolitaja Mmarekani Marilyn Loden mjini New York mwaka 1978, humfanya mtu atazame juu. Nami nilitazama juu, nikahesabu wakurugenzi, nikadhani nimeliona tatizo lote. Nilikosea: wengi hawalifikii hata hilo dari.

Ripoti ya mwaka 2024 ya McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, na LeanIn, shirika la kuwainua wanawake kazini, inayohusu makampuni ya Amerika Kaskazini, inaonyesha kwamba kwenye kazi za kuanzia wanawake ni asilimia 48. Cheo kimoja tu juu yake, cha umeneja, wanabaki 39. Hakuna hatua nyingine wanapopungua kiasi hicho, hadi juu kabisa, walipo 29.

Mwenye shamba anajua habari ya kitalu. Mche ambao haukuhamishiwa shambani hauwezi kuzaa, hata shamba lipaliliwe namna gani. Vivyo hivyo, mkurugenzi hachaguliwi miongoni mwa makarani. Huchaguliwa kati ya watu ambao tayari wamewahi kusimamia wenzao. Toleo la mwaka 2019 la ripoti hiyo lilikuta wanawake 72 wakifikia umeneja kwa kila wanaume 100. Hata haki ikitendeka kikamilifu kuanzia hapo, wale 28 hawamo tena kwenye hesabu.

Kwa nini hapo? Karani hana rekodi ya uongozi, kwa hiyo bosi hukisia. Dukani nilikofanya kazi zamani, msimamizi wa zamu alipohama, funguo za sefu alikabidhiwa kijana mwenye miezi minne kazini. Dada aliyemfundisha kufunga hesabu za jioni alibaki kaunta. Tuliambiwa kijana "anaonekana atafika mbali".

Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza kampuni moja tu ya maduka, lakini kubwa, huko Amerika Kaskazini. Kwa kazi iliyokwisha kufanyika, wanawake walipata alama za juu kuliko wanaume. Kwa kile wanachodhaniwa wataweza kesho, walipewa za chini. Na pale mwanamke na mwanamume walipopewa alama sawa za kesho, kesho ilipofika mwanamke ndiye aliyefanya vizuri zaidi.