Kulinda pini za mikrokontrola dhidi ya miruko ya volti

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina pampu chini na tangi juu ya mnara, na siku hizi wapo mafundi wanaoiendesha pampu hiyo kwa Arduino Uno, kibao chenye mikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha programu. Swichi ya boya iko tangini. Waya wa mita 15 unashuka hadi kwenye pini, yaani mguu wa chipu hiyo. Urefu huo unatosha kuokota miruko ya volti kila pampu inapozimwa, au radi inapopiga jirani wakati wa masika. Chipu ya Uno, ATmega328P, haivumilii pini kupita nusu volti juu ya volti 5 zake, wala kushuka zaidi ya nusu volti chini ya sifuri.

Ndani ya pini kuna dayodi ndogo (vipitisha umeme vya upande mmoja) zinazokwepesha ziada, lakini zisibebeshwe zaidi ya miliampea 1. Kwa hiyo anza na rezista ya kilo-omu 10 kati ya waya na pini. Volti 12 zikiuingia waya kwa bahati mbaya, zinapita miliampea 0.65 tu. Weka na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini hadi hasi (laini ya volti sifuri), ubavuni mwa chipu kabisa.

Hapa wengi hunaswa. Rezista ya ndani ya kuvuta juu, ile inayoishika pini kwenye volti 5 swichi ikiwa wazi, inaweza kuwa kilo-omu 20 tu. Ikigawana volti na ile ya 10, pini hubaki na volti 1.67 boya likiwa limefunga swichi, na chipu huhitaji chini ya 1.5 ili isome sifuri. Izime hiyo ya ndani kwenye programu, ufunge ya nje ya kilo-omu 100, upande wa pini.

Na ziada iliyokwepeshwa huishia wapi? Kwenye laini ya volti 5. Regyuleta ya 7805, kifaa kinachotengeneza volti 5 hizo, hutoa mkondo, haiupokei, hivyo laini nzima inaweza kupanda. Zena (dayodi inayoanza kupitisha umeme volti ikifika kiwango chake) ya volti 5.6, wati 1, kati ya laini hiyo na hasi huimeza ziada hiyo.

Upande wa kutoa, pampu huwashwa kwa relei, swichi inayovutwa na koili ya sumaku. Koili ya relei ya volti 12 hula kama miliampea 30: tumia transista BC547 na rezista ya kilo-omu 1 kwenye besi. Koili ikikatwa, volti huruka na kuipita 45 ambayo BC547 inamudu. Dayodi 1N4007 ifungwe sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Ukiigeuza, transista itaungua mara ya kwanza relei inapoamrishwa. Moduli za relei za Kariakoo kwa kawaida huja na dayodi hiyo. Itazame kabla ya kuongeza nyingine.