Kichocho Unguja na Pemba: kwa nini vidonge peke yake havikimalizi

Kichocho cha visiwani ni kile cha mkojo. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike na dume wamekumbatiana, kwa miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Kila siku jike hutaga mayai kwa makumi hadi mamia. Hapa tunajibu maswali ya wazazi, walimu na wakulima wa mpunga.

Watoto wangu wanakunywa maji ya mfereji (bomba) tu. Wamekipata wapi?

Wamekipata kwa ngozi, hawakukinywa. Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni au kwenye dimbwi, mayai huanguliwa mara yanapoguswa na maji matamu. Kijidudu kinachotoka humo kina saa chache tu, haifiki siku nzima, kumpata konokono wake. Kikimkosa kinakufa. Kikimpata, kinaingia mwilini mwake na kuongezeka kwa muda wa wiki nne hadi sita, halafu konokono huyo mmoja anaanza kutoa vijidudu vyenye mkia, mamia kwa siku, vinavyoogelea kutafuta mtu. Dakika chache za kusimama majini zinatosha kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote.

Vijidudu hivyo vingi hutoka jua likiwa kali, baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo saa watoto wanapotoka skuli au chuoni na kukimbilia kukoga.

Mbona Pemba na Chaani, kaskazini mwa Unguja, kipo, lakini Makunduchi, kusini, hakisikiki?

Kwa sababu ya ardhi na konokono. Kusini mwa Unguja ni nchi ya maweni: mvua inazama kwenye mawe, hakuna mito wala mabonde yanayotuama maji. Na konokono wa jamii hii anayepatikana upande huo ni wa aina nyengine, vijidudu vya kichocho havikui ndani yake. Anayekilea ni yule wa kaskazini na kati ya Unguja, na wa Pemba yote, anayependa maji ya pole pole yenye majani na mayungiyungi. Geuza jani la yungiyungi utamwona chini yake, mdogo kama punje ya mahindi, mara nyengine mkubwa kidogo.

Basi mtoto wa Makunduchi akienda likizo kwa shangazi yake Pemba na kuoga mtoni, anaweza kurudi nacho.

Watu wanajua hatari. Kwa nini bado wanaingia majini?

Kwa sababu wana shughuli huko. Mpunga haupandwi ukiwa umesimama barazani. Mfereji ukikauka siku tatu, nguo za watoto wanne lazima zifuliwe, na mto hauna foleni. Wavulana wanakoga kwa raha, na maji baridi yanawafanya wakojoe humo humo hata kama choo kipo nyumbani. Tunadhani kumlaumu mama au mtoto hapa ni kukosea mahali pa kuanzia: mfereji unaotoa maji kila siku unazuia kichocho kuliko hotuba kumi.

Mpaka hapo, yapo yanayopunguza hatari:

- Chota maji kwa ndoo yenye kamba bila ya kuingia mtoni, kafue juu, mbali na ukingo.
- Maji ya kukogea yachemshwe, au yakae kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili kamili. Vijidudu vyenye mkia haviishi zaidi ya hapo. Hakikisha hukuchota na konokono.
- Ukiwa huna budi kuingia, ingia alfajiri kuliko mchana. Hatari inapungua, haiondoki.
- Bondeni vaa mabuti ya mpira yasiyovuja. Buti lililotoboka ni sawa na kwenda peku.

Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Wanasema mvulana akikojoa damu ni dalili ya kukua. Kweli?

Si kweli. Damu hiyo, ambayo mara nyingi huja mwishoni mwa mkojo, ni ya mayai yanayotoboa ukuta wa kibofu. Karibu nusu ya mayai hayatoki. Yanabaki kwenye nyama na kuacha makovu. Mtoto anapungukiwa damu na kuchoka darasani. Baada ya miaka mingi, figo zinaweza kuharibika, na saratani ya kibofu inaweza kuanza.

Mkojo wa kupima upelekwe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Maabara huchuja mililita 10 na kuhesabu. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi ni makali. Mkojo mweupe hauthibitishi kuwa huna kichocho. Na msichana aliye katika hedhi aseme, kwani kijiti cha kupimia kitaonesha damu isiyohusiana na kichocho.

Kina mama na wasichana wanadhurika vipi?

Hapa ndipo ugonjwa unapofichika zaidi. Mayai hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Dalili zake ni kuwashwa, uchafu, maumivu ya tendo la ndoa, damu kutoka nje ya siku zake. Wengine hukosa mimba au mimba hutunga nje ya kizazi. Vidonda hivyo huhusishwa pia na kupata virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi.

Dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa, kwa hiyo mke anashukiwa na mumewe, au msichana ambaye hajaolewa anakaa kimya kwa aibu. Ukifika kituoni, mwambie daktari au muuguzi kwa maneno haya haya: "Nimekulia karibu na mto, nilikuwa nikioga na kufua humo." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu.

Vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vinapimwaje?

Kwa uzito ni miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja. Kidonge kina miligramu 600, hivyo mtoto wa kilo 30 anapewa viwili. Kwenye ugawaji wa skuli hutumika mti wa kupimia urefu: sentimita 110 hadi 124 ni kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili, 160 hadi 177 vinne.

Mtoto ale kwanza. Wanaokunywa na njaa ndio wanaotapika na kushikwa na kizunguzungu, kisha kijiji kizima kinasema dawa ni sumu. Tumbo kuuma kidogo siku hiyo ni kawaida, hasa kwa mwenye minyoo mingi. Mama anayenyonyesha anaweza kunywa. Mwenye mimba, baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Nimekunywa, mbona damu imerudi?

Dawa inaua minyoo iliyokomaa. Michanga inasalimika na kukua. Wala haikingi: ukirudi mtoni kesho, unaanza upya. Rudi ukapimwe. Mtu mzima anayeendelea kutoa damu baada ya kutibiwa aende hospitali achunguzwe kibofu bila ya kungoja.

Kwa nini konokono wasiuliwe wote?

Ipo dawa, niklosamaidi, lakini inaua na samaki na vyura. Na konokono mmoja akibaki anaweza kutaga bila ya mwenzake. Kiangazi hujificha kwenye tope, masika anarudi.

Kati ya mwaka 2012 na 2017 zilijaribiwa njia tatu katika shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba: kwengine vidonge mara mbili kwa mwaka tu, kwengine pamoja na kuua konokono, kwengine pamoja na elimu, vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia. Kichocho kilipungua sana kote. Hakikumalizika, kilibaki kwenye shehia chache zenye maji yale yale na shughuli zile zile.

Bahari je?

Salama. Konokono huyu haishi maji ya chumvi. Watoto wanaotaka kuogelea, wapelekeni pwani.