Acheni kusugua kwa tupa

Nimechoka kuletewa tupa zilizouawa na kuambiwa zimekufa zenyewe. Wiki hii ilikuwa zamu ya kijana mmoja anayejifunza ufundi wa mashine za kusaga hapa mtaani. Kaja na tupa bapa ya inchi 12, kaibwaga mezani, akasema, "Shikamoo mzee. Tupa za siku hizi feki. Hii haina hata wiki mbili."

Niliipeleka dirishani nikaiinamisha ili mwanga uipige kwa ubavu. Upande mmoja, katikati, kipande cha urefu wa kiganja kilikuwa kinang'aa kama kijiko. Kuelekea ncha na kuelekea mpini meno yalikuwa bado ya kijivu na makali, kama yalivyotoka dukani. Upande wa pili haukuwa umeguswa kabisa. Tupa feki huwa laini yote, haichagui mahali pa kufia. Hii iliuawa sehemu moja na mkono uliokuwa ukienda na kurudi haraka haraka, kwa miendo mifupi, ukikandamiza kote kote.

"Ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nilikuwa nasugua kii, mzee."

Kii ni kile kipande cha chuma kinachofunga pulei (gurudumu la mkanda) kwenye shafti ya mota. Lakini neno "kusugua" ndilo linaloniudhi. Sufuria inasuguliwa, sakafu inasuguliwa, na ukitaka kusugua chuma kuna msasa. Tupa inakata. Kila jino lake ni tindo ndogo iliyoinama kuelekea mbele, na juu ya tupa moja kuna mamia ya tindo hizo. Kule Sheffield, Uingereza, mpaka ndani ya karne ya 19 meno hayo yalikatwa kwa mkono: fundi aliilaza tupa juu ya kitanda cha madini ya risasi, akashika patasi fupi na nyundo, akapiga jino moja, akasogea kidogo, akapiga lingine. Wengi wao waliugua kwa sumu ya ile risasi. Siku hizi mashine inafanya kazi hiyo, lakini jino ni lilelile, na bado linatazama upande mmoja.

Sasa niambie, ni fundi gani anayeivuta tindo kinyumenyume akitegemea ikate? Ukirudisha tupa huku umeikandamiza, unaiburuza ile kingo nyembamba ya jino juu ya chuma kwa mgongo wake. Haikati chochote. Inalika yenyewe, na ikishalika mwendo wa kwenda mbele nao unaanza kuteleza. Unaongeza nguvu, inalika zaidi. Baada ya siku chache unalaumu dukani.

Tabia hii najua ilikotoka. Karibu wote tulikutana na tupa kwa mara ya kwanza nyumbani, kwenye kunoa panga na jembe. Panga limebanwa chini ya mguu, mtu anaendesha tupa mbele na nyuma kama anayekuna nazi, na panga linapata makali. Chuma cha panga hakikukazwa sana, na ukingo wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo hata tupa iliyochoka itatoa kitu. Panga likinolewa ovyo bado litafyeka. Lakini tabia hiyo ikiingia karakanani inaharibu kazi na inaharibu kifaa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya chuoni havilisemi. Vinakuambia ukirudi, inua tupa isiguse kazi kabisa. Nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka mingi nimewafundisha wengine hivyo. Lakini nikiitazama mikono yangu mwenyewe, siinui. Ninaachia uzito tu, tupa inateleza kurudi ikiwa imegusa kidogo. Nikiinua, napoteza usawa, na mwendo unaofuata unaanza kwa pembe nyingine. Kwenye alumini na shaba, kurudi kwa kugusa kidogo kunasaidia hata kukung'uta chenga, vile vipande vidogo vilivyokatwa, zilizokaa kati ya meno. Huenda meno yangu yanalika zaidi kidogo kuliko ya yule anayeinua; nimekubali gharama hiyo kwa sababu napata uso ulionyooka. Anayeanza, na ainue kwanza mpaka mkono ujifunze kuachia.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana: kugusa mno kwa upole wakati wa kwenda mbele. Ukikosa kukandamiza vya kutosha, jino haliingii kwenye chuma, linateleza juu yake, na kuteleza ndiko kunakolisaga. Kandamiza mpaka usikie imeshika, kisha tumia urefu wote wa tupa, kuanzia karibu na ncha hadi karibu na mpini. Miendo 40 hadi 60 kwa dakika inatosha, na chuma kikiwa kigumu punguza zaidi. Tupa inayokata ina sauti nzito inayokwaruza. Ikianza kupiga mluzi, simama uangalie kuna nini.

Kuhusu maumbo sitakawia, maana yanajieleza: bapa, nusu duara, ya mviringo kama mkia wa panya, ya pembetatu, ya mraba, na zile nyembamba kama sindano anazotumia fundi funguo pale kando ya barabara. Ila tazama kingo za tupa bapa kabla ya kununua. Aina moja ina ukingo mmoja usio na meno kabisa. Watu wanadhani kiwandani walisahau! Ukingo huo ni wa makusudi, ili upige tupa ndani ya kona bila kuumiza ukuta wa pembeni. Kwa kazi ya njia ya kii, ule mfereji inamokaa kii, ni muhimu mno.

Panapohitaji muda ni kwenye ukali, yaani ukubwa wa meno. Dukani utasikia bastadi (yenye meno makubwa), ya kati na laini, na mtu anatoka hapo akiamini bastadi ni bastadi popote. Sivyo. Majina hayo yanakwenda na urefu wa tupa. Meno ya bastadi ya inchi 12 ni makubwa kuliko ya bastadi ya inchi 6, na tupa ndefu iliyoandikwa laini inaweza kuacha mikwaruzo mikubwa kuliko fupi iliyoandikwa ya kati. Mara ngapi nimemtuma mtu alete tupa laini, akaniletea ndefu kuliko zote dukani kwa sababu bei haikupishana sana! Unapoagiza tupa taja vitu vitatu kwa pamoja: umbo, urefu na ukali. Kwa kazi nyingi za karakana ningeanza na bapa ya inchi 10 bastadi, bapa ya inchi 8 laini, na nusu duara ya inchi 8 ya kati. Angalia pia mistari ya meno. Yenye mistari ya mshazari ya upande mmoja tu inaacha uso safi. Yenye mistari ya pande mbili inayopishana inakula haraka zaidi, kwa sababu mistari hiyo inavunja chenga vipande vidogo.

Tupa mpya ianze kwenye shaba. Hili nalo watu wananibishia, wanasema shaba ni laini, kwa nini niipe tupa yangu nzuri? Kwa sababu shaba inateleza. Inahitaji jino lenye ukali mpya kabisa, na tupa iliyopungua ukali kidogo tu itaparaza juu yake bila kushika, wakati tupa hiyohiyo bado itakata chuma vizuri. Kwa hiyo ianze kwenye shaba, ihamie kwenye chuma ikizeeka. Ukianza na chuma, hairudi tena kwenye shaba. Na tupa mpya usiipeleke kwenye ukingo wa bati: meno mawili matatu yanabeba nguvu yote ya mkono, na yanavunjika.

Nirudi kwenye kii ya kijana. Mota ilikuwa ya kilowati 7.5, shafti ya milimita 38, na kii yake upana milimita 10 na kimo milimita 8. Ni kipande kidogo cha chuma, lakini kinachozungusha pulei na mashine nzima ni hicho. Niliiweka juu ya kioo nikaisukuma kwa kidole. Ilicheza kama kiti chenye mguu mfupi. Katikati ilikuwa imenenepa, kwenye ncha zote mbili imeliwa. Kii ya namna hiyo inaingia kwa kugongwa na unadhani imekaza, kumbe imeshika katikati tu. Mashine ikibeba mahindi inaanza kutikisika, inapanua njia ya kii, na sasa hutengenezi kii tena, unatafuta shafti.

Kwa nini inaliwa kwenye ncha? Kwa sababu mikono inabembea. Tupa ikianza mwendo, mkono wa nyuma unaelemea. Ikimalizia, wa mbele unaelemea. Mwanzoni weka nguvu zaidi mkono wa mbele, katikati zigawane, mwishoni zihamie nyuma. Vaisi, kile kibanio cha mezani, iwe kimo cha kiwiko chako. Vaisi nyingi ninazoziona zimefungwa juu ya meza iliyotengenezwa kwa kukisia, na fundi anapiga tupa ameinama kama anayepalilia. Hapo hakuna atakayenyoosha kitu.

Na tafadhali, ukiiona tupa bapa ina tumbo kidogo katikati ukiitazama kwa urefu, usiirudishe dukani kwamba imepinda. Tupa nyingi bapa zimetengenezwa hivyo makusudi. Lile tumbo linakuwezesha kugusa mahali palipoinuka tu, na linasamehe kubembea kidogo kwa mkono. Tupa iliyonyooka kama rula ingekula kingo kila mara.

Kupata uso ulionyooka, piga tupa kwa mshazari kuelekea upande mmoja, kisha geuza mshazari uelekee upande wa pili. Mikwaruzo ikipishana utaona palipoguswa na pasipoguswa. Halafu pakaza kioo masizi ya koroboi, safu nyembamba sana, laza kii juu yake, isukume kidogo, igeuze. Panapokuwa peusi ndipo palipoinuka; hapo tu ndipo upige. Nilimfanyia kijana mara moja, akashangaa kuona weusi umekaa katikati tu, kidoti cha ukubwa wa punje ya hindi. Usipapase uso wa kazi kwa kidole kila baada ya miendo mitatu. Mafuta ya ngozi yanaifanya tupa iteleze. Tumia macho na skwea (kipimo cha kona).

Sasa kuhusu feki. Zipo, sikatai. Tupa nzuri ni chuma chenye kaboni nyingi, zaidi ya asilimia 1, kilichokazwa mpaka kikawa kigumu kiasi cha kuvunjika kikianguka vibaya. Ndiyo maana hutakiwi kubandulia kitu kwa tupa wala kuigonga kwa nyundo. Ukiwa na shaka, kwaruza chupa ya kioo kwa kona ya tupa. Ikiacha mchirizi halisi kwenye kioo, ni ngumu vya kutosha. Ikiteleza tu, dai hela yako. Ile ya kijana ilichora kioo mara ya kwanza.

Mara nyingine ugumu uko kwenye kazi yenyewe. Springi bapa ya lori iliyochomwa ikawa nyekundu kisha ikatumbukizwa majini inakuwa ngumu kama tupa yenyewe. Piga mwendo mmoja mwepesi pembeni, ikiteleza, acha. Ichome tena, izike kwenye majivu ipoe usiku kucha, kesho italainika. Gamba lile la kioo juu ya weldi ligongwe litoke lote kabla tupa haijafika. Pulei iliyosubiwa kwenye mchanga, pitisha grinda kwanza uondoe ngozi ya nje. Watu wanasema grinda imeua tupa, lakini hapa grinda ndiyo inayoilinda.

Chaki ya ubaoni: ipake kwenye meno kabla ya kupiga alumini. Bila chaki, chenga inaganda kati ya meno mawili, na chenga hiyo inachimba mfereji mrefu kwenye kazi yako wakati unakaribia kumaliza. Chaki inapunguza ulaji kidogo, sawa, lakini utaokoa kazi. Brashi ya waya ifuate mwelekeo wa meno. Chenga iliyogoma, itoe kwa ncha ya kipande cha shaba, usitumie msumari. Tupa zisirundikwe kwenye boksi moja zikigongana, maana chuma kigumu kwa chuma kigumu vyote vinapoteza meno. Na mpini ni lazima. Mkia wa tupa isiyo na mpini ukikwama kwenye kazi unaingia kwenye kiganja chako. Hilo sitajadiliana na mtu.

Siki nimeulizwa sana. Wapo wanaoloweka tupa iliyochoka kwenye siki usiku mzima na kusema inarudi mpya. Nimefanya hivyo na kadhaa. Iliyochoka kidogo inarudisha mshiko, kwa sababu asidi inakula pande za jino na kuacha kingo nyembamba. Iliyong'aa kama ya kijana hairudi, imekula siki yako bure. Ukijaribu, ioshe kwa maji yenye magadi, ikaushe hapo hapo kisha ipake mafuta kidogo, la sivyo kutu itamaliza kilichobaki.

Ya kijana sikuiloweka. Niliigeuza upande wa pili, ule ambao haukuwa umeguswa, nikachora mstari wa kalamu kwenye ule uliokufa asiutumie tena. Nikampa kipande kipya cha chuma kwa ajili ya kii, nikamwekea kioo chenye masizi pembeni ya vaisi. Alipiga mwendo wa kwanza taratibu, akaachia, akarudi. Sauti ilikuwa nzito.