Usimbandue Kifaranga Gamba: Dhana Potofu za Kutotolesha

Swali ninaloulizwa na wafugaji kuliko yote ni hili: "Bwana mifugo, kifaranga ametoboa tangu asubuhi na mpaka sasa hajatoka, nimbandue?" Usimbandue. Na wengi wanaouliza huwa wameshambandua; wanapiga simu kwa sababu anavuja damu.

Watu wanaamini kwamba tundu likishaonekana, kifaranga yuko tayari, gamba ndilo linalomzuia, na akichelewa atakosa hewa. Si kweli. Kuelekea siku ya 20 ya kulaliwa huwa ameshachana utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye mfuko wa hewa, ule ulio upande butu wa yai, na hapo mapafu yake huanza kazi. Ndipo hutoboa gamba lenyewe, halafu hutulia. Kutulia huko ndiko kunakowatia watu kiwewe, na kumbe ndani mambo mengi yanaendelea. Mishipa iliyotanda kwenye utando wa gamba bado ina damu, na damu hiyo lazima irudi mwilini, mishipa ikauke. Kiini kilichobaki nacho kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Tangu tundu la kwanza mpaka kutoka, hesabu saa 12 hadi 24. Ukimenya gamba mapema unakata mishipa yenye damu na kumtoa kifaranga ambaye kiini kinaning'inia nje. Hata akiishi siku hiyo, kitovu kilichobaki wazi kinapitisha vijidudu, na wengi wa namna hii hawamalizi wiki.

Kinachoniuma zaidi ni wale wengine. Ili umsaidie mmoja ni lazima ufungue mashine ya kutotolesha, na ukifungua, unyevu wote unatoka. Mayai yaliyokwisha kutobolewa hukauka utando, nao unambana kifaranga kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Hawezi tena kujizungusha alikate gamba. Kesho yake unakuta vifaranga waliokamilika wamefia ndani, midomo iko kwenye tundu, unalaumu mashine na aliyekuuzia mayai. Wengi wao wangetoka wenyewe usiku uleule.

Kwa hiyo siku ya 18 acha kugeuza mayai, ongeza maji mpaka unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, funga, na usifungue mpaka waliotoka wamekauka manyoya. Usikimbilie kuwalisha, kiini walichoingia nacho tumboni kinawatosha hata siku mbili. Mtazame mtetea: siku za kutotoa zikifika hung'ang'ania kiota, chakula na maji hata havimshughulishi. Joto na unyevu wa mwili wake havipati nafasi ya kutoka.

Ni hali moja tu ninayoruhusu mkono wako uingie. Saa 24 zimepita tangu tundu la kwanza, wenzake wote wameshatoka, naye bado analia ndani. Lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu, uangalie. Ukiona mishipa myekundu, mrudishe na umwache.

Dhana nyingine potofu hazihitaji maneno mengi. Si kweli kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa tembe. Jinsia huamuliwa na mbegu ya mtetea kabla gamba halijatengenezwa. Ukichagua mayai, kataa yenye ufa, yenye gamba laini na yaliyo makubwa au madogo kupita kiasi, basi.

Mayai ya trei kutoka kwa kuku wa mayai wasiofugwa na jogoo hayatotoi, hata mashine iwe ya bei gani. Na ya kienyeji nayo usiyalimbikize mwezi mzima. Mazuri ni ya ndani ya siku 7. Yakipita 10 nguvu inashuka. Yaweke mahali pa baridi kidogo, upande butu ukiwa juu. Usiyaoshe, maana maji baridi huvuta uchafu ndani kupitia vitundu vya gamba. Tandika nyasi safi kwenye viota, yatakuwa masafi yenyewe.

Kuku wa kienyeji hawezi mayai 20. Mpe 10 hadi 13, kadiri mwili wake unavyofunika. Kwa kuwa huyahamisha kila mara, yakizidi hayapoi yaleyale ya pembeni: yanapoa yote kwa zamu, na unaishia na viza kiota kizima.

Radi haiui mayai. Tafuta kilichokuja na mvua: kiota kilicholowa, mtetea aliyekimbia, umeme uliokatika. Umeme wenyewe ukikatika saa chache, usitupe kitu. Funika mashine kwa blanketi, usifungue. Joto la kuzidi linaua haraka kuliko baridi ya muda mfupi, kwa hiyo weka kipimajoto cha pili ndani, usiamini namba ya kioo peke yake. Kwa mashine yenye feni tunataka nyuzi 37.5.

Na msiniambie tena kwamba ukinunua mashine, kuku wa kulalia hawana kazi. Mimi huwashauri wafugaji wote wenye mashine ndogo wawe na watetea kadhaa waliolalia viza. Vifaranga wakikauka, nenda bandani usiku bila taa kali, toa viza, ingiza vifaranga wa siku moja chini ya mbawa, wasizidi kumi na watano. Sehemu za baridi kama Njombe na Makete hii inakupunguzia gharama ya mkaa wa kulelea. Amka alfajiri umwangalie: akiwaita na kuwafunika, waache, akiwadonoa, waondoe mara moja uwapeleke kwenye kilelea chenye joto.