Nyundo Iliyosimama Si Adui Yako

Wateja wengi wanaofika kwenye karakana yangu hapa Nakuru na Browning Hi-Power au 1911, bastola mbili za muundo wa zamani, huja na hofu ile ile: risasi imo chemba (pale nyuma ya mtutu), nyundo, yaani kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke, imesimama, kwa hiyo bastola hii itamlipukia mwenyewe kwenye nyonga siku moja. Kisha hunieleza, kwa fahari ya mtu aliyemzidi mhandisi akili, jinsi walivyolitatua tatizo hilo. Huibana nyundo kwa kidole gumba, huvuta kifyatulio, na kuiteremsha polepole juu ya risasi hai. Wapo wanaolifanya jambo hilo kila asubuhi chumbani, ukuta mmoja tu ukiwatenganisha na watoto wanaokunywa chai. Juma lililopita nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mzee mmoja mfugaji wa upande wa Njoro ambaye kwa mambo mengine yote ni mtu mwangalifu kuniliko, na nikaona heri niandike kuliko kuendelea kubishana na watu wazima mmoja mmoja.

Bastola ya 1911 ilibuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Wenzo wa usalama unaosukumwa kwa gumba haukuwa katika miundo yake ya mwanzo. Uliongezwa kwa ombi la askari wapanda farasi, ambao walihitaji kuirudisha silaha kwenye ala kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukishika hatamu. Mtu aliye juu ya farasi mwenye kiherehere hawezi kuambiwa aanze kuteremsha nyundo kwa ustadi wa fundi saa. Hali inayowatisha wateja wangu, yaani nyundo juu na usalama ukiwa umefungwa, ndiyo hasa wenzo huo uliwekewa.

Usalama ukifungwa, hukizuia kile kipande kinachoishikilia nyundo kisiweze kusogea. Katika 1911 kuna pia usalama wa mshikoni, ambao hautaachilia kitu mpaka kiganja kiubane, na chini yake kuna hatua ya katikati ya kuidaka nyundo ikiwa itateleza. (Hatua hiyo si mahali pa kuiegesha nyundo unapotembea mjini, ingawa najua wapo wanaoiegesha hapo.) Sasa linganisha na ile njia ya kuteremsha. Umeufungua usalama kwa mkono wako mwenyewe, umeubana mshiko, umevuta kifyatulio, na kilichobaki kati ya nyundo na fataki, ile sehemu ya nyuma ya risasi inayogongwa kuiwasha, ni ngozi ya gumba lako, ambayo huenda ina mafuta au jasho. Nyundo ya Hi-Power za zamani, ile ya duara ndogo, haina pa kushika pa maana. Umeondoa vizuizi vyote vya mbunifu kwa zamu, ukavirithisha kidole kimoja, na ukaliita jambo hilo usalama.

Na ukifanikiwa kuiteremsha, umepata nini? Una bastola ambayo siku ya hatari itakulazimu uinue nyundo ukiwa unachomoa, kwa gumba linalotetemeka, wakati kuusukuma wenzo chini ni sehemu ya mwendo wa kawaida wa kushika.

Hapo mjuaji huniuliza kuhusu kuanguka, na swali lake ni halali. Miundo ya zamani haina kizuizi cha pini, ule msumari mdogo unaogongwa na nyundo ili nao uigonge fataki. Bastola ikianguka mdomo ukitangulia, pini inaweza kuendelea mbele kwa kasi yake yenyewe na kugonga fataki. Lakini tazama vizuri: nyundo haikuhusika hata kidogo, na kuiteremsha hakukupunguza hatari hiyo. Colt, watengenezaji wa 1911, walianza kuweka kizuizi cha pini mwaka 1983, na Hi-Power ikakipata katika toleo la Mark III. Aliye na toleo la kabla ya hapo abadilishe springi ya pini ikichoka, na anunue ala nzuri inayofunika kifyatulio chote na isiyoachia silaha mtu anapoinama.

Rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, sitaieleza sana. Smith & Wesson waliimarisha kizuizi cha nyundo baada ya bastola kuanguka kwenye sitaha ya meli na kumuua baharia mwaka 1944, na ukiwa na ya baada ya hapo katika hali nzuri, beba mashimo yote sita yakiwa yamejaa. Kuhusu kutu, anayekaa Kisumu na kubeba chuma chenye rangi ya buluu chini ya shati jembamba aipanguse kila jioni, kwa maana jasho na unyevu wa ziwani havina huruma.

Je, mtu abebe muundo wa mwaka 1911, au Hi-Power ya mwaka 1935, leo? Hapa sina jibu safi. Kifyatulio chake ni kizuri kuliko cha Glock yoyote, bastola ya kisasa, niliyoishika, lakini 1911 ya chuma ina uzito wa takriban kilo 1.1 ikiwa tupu, na wenzo wake unadai mazoezi ambayo raia wengi hawayafanyi. Cheti cha silaha chini ya Sura ya 114, sheria ya silaha ya Kenya, hutaja pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa, na mwenye risasi chache huona uchungu kuzimaliza kwenye shabaha. Kuna watu ambao, nikiwatazama mikono, huwashauri wabebe chemba ikiwa tupu, hata kama watahitaji mikono miwili kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoingiza risasi chemba, na sijawahi kuwa na uhakika kama nimewaokoa au nimewachelewesha.

Anayelazimika kuishusha nyundo, kwa mfano anapoiweka kwenye sefu, atoe magazini, avute slaidi, atazame chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole, ndipo aishushe. Wenye Hi-Power wana mtego wao wa ziada. Bastola hiyo haifyatuki magazini ikiwa nje, isipokuwa kama fundi fulani amekiondoa kizuizi hicho. Mtu hutoa magazini, huvuta kifyatulio, hasikii kitu, na kuamini chemba ni tupu. Risasi ingali mle ndani, nyundo ingali imesimama, na siku atakapoirudisha magazini na kugusa kifyatulio tena, itatoka.