Umeanza mazoezi, ukaacha dawa za presha?

Lengo la afya ni nini?
Ni namba na tarehe. "Nataka kupungua" ni hamu tu. "Nina kilo 92, mwisho wa Juni niwe na 87" ni lengo, maana mizani itakuambia umefika au bado. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha.

Mimi nina presha. Nilenge nini?
Kwa watu wazima wengi, chini ya 140/90. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo huenda akatakiwa kushuka zaidi, kwa hiyo uliza kliniki namba yako na iandikwe kwenye daftari. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwekwa kwenye mboga. Ile ya kunyunyizia chipsi na embe bichi, acheni jamani.

Nimefanya mazoezi mwezi mzima, najisikia mwepesi. Niache dawa?
Hapana. Juzi mama mmoja alinitolea kwenye mkoba vidonge vya miezi miwili, pakiti hazijafunguliwa. Alikuwa anatembea kila alfajiri na kweli amepungua. Nilipompima, 190/110, na kichwa hakimuumi hata kidogo. Kujisikia vizuri si kipimo cha presha.

Hata mashine ikisoma 125/80?
Hata hapo, hapana! Namba hiyo imeletwa na dawa pamoja na mazoezi. Ukiondoa dawa, inaweza kupanda tena bila wewe kujua. Leta daftari lako, daktari ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.

Nyumbani nipimeje?
Kaa kimya dakika 5, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili, andika zote mbili, si ile iliyokufurahisha tu.

Si nitaona dalili ikipanda?
Wengi hawaoni chochote mpaka kiharusi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri kupambazuke. Msimkande kwanza. Kila wiki tunaletewa mgonjwa aliyeanguka jana yake, na ndugu wanasema walidhani atapata nafuu akilala.